Nukta Nyeupe Jichoni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikukute ukiwa na afya ya mwili na wepesi wa moyo. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio. Jirani yetu mkata vioo ameoa tena, huyu sasa ni mke wa tatu, na bado anashangaa kwa nini wanawake hawaeleweki. Paa la karakana tumelibadilisha upande wa nyuma. Zaidi ya hayo tunakula, tunalala, tunamshukuru Mungu.

Barua yako ya juzi niliipokea nimesimama, nikalazimika kuketi. Miaka kumi na miwili nimezoea mwandiko wa jirani yako mshonaji, ambaye ndiye pia aliyekuwa akikusomea majibu yangu. Safari hii bahasha ilikuwa na mwandiko wako mwenyewe, zile herufi za mviringo zilizokuwa zikimkera mwalimu wetu wa darasa la pili. Unasema uliamka Jumanne ya kwanza ya mwezi, ukanywa chai, na ilipokaribia saa nne ukaona tarehe za kalenda ukutani, hata zile ndogo za pembeni, na kwamba daktari wa macho alikupima mara mbili akabaki anajikuna kichwa. Nimefurahi, mdogo wangu. Nimelia pia. Na nimejua kwamba sasa sina pa kujificha, kwa sababu barua hii utaisoma peke yako bila mshonaji kukaa katikati yetu. Nitakwambia kila kitu, ila niache nikipange kwa utaratibu wangu. Nikianzia mwisho utaichana kabla hujafika katikati.

Uliniomba nimsaidie binti yako Sisimizi kuchagua chuo cha kusomea uchoraji. Nimemsaidia, kwa namna yangu. Nikwambie wazi tangu sasa: nilichokuwa nakitafuta ni chuo chochote ambacho hakiko katika mji wako.

Usikasirike bado. Kwanza nikueleze alivyo. Ana miaka kumi na saba, ana vidole vyako virefu na ulimi wangu, Mungu amsaidie atakayemwoa. Jina la Sisimizi ulilompa alipokuwa anatambaa kufuata sukari limemganda, hata wateja wanamwita hivyo. Tangu amalize mitihani yuko nami karakanani kutwa nzima, na kazi ni ile ile aliyotuachia baba. Mtu akifiwa analeta kipicha cha kitambulisho, sisi tunakikuza kwa mkaa kwenye karatasi kubwa, tunakitia fremu, anakwenda kukitundika sebuleni kwake. Simu zimekuja na picha zake zote lakini watu hawajaacha kuja. Wanasema picha ya simu inamwonyesha marehemu kama mtu mwenye haraka.

Na sheria ya baba bado ni sheria. Wewe ulikuwa ukimcheka, lakini sikukuona hata siku moja ukiivunja. Ukimchora aliye hai, unamwekea nukta nyeupe ndani ya mboni, ile chembe ya mwanga. Ukimchora aliyekufa, mboni unaijaza mkaa mpaka ukingoni. Baba alikuwa akisema mwanga wa jicho ni mali ya mwenyewe, akiondoka ameondoka nao, na wewe fundi huna ruhusa ya kumpa mtu asichokuwa nacho. Wateja hawajui habari hiyo. Wanasimama mbele ya picha, wanafuta machozi, wanasema imetulia. Mwanao aliijua sheria hii kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake.

Mwalimu wake wa sanaa, mtu mmoja mrefu ambaye viatu vyake vina rangi nyingi kuliko picha zake, alikuja kuniambia kwamba ni dhambi kukiacha kipaji kama hiki kiishie kwa marehemu. Akaniachia vijitabu vya vyuo vitatu. Viwili nilimsomea mtoto kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Cha tatu kilikuwa cha chuo kile chenye ukuta mrefu wa matofali mekundu, ambao umewahi kuniandikia kwamba unaupapasa kila asubuhi ukienda kiwandani kufunga sabuni. Hicho nilikisukuma chini ya mto wa kiti changu, nikakikalia.

Chuo cha kwanza kiko mwendo wa saa tatu kutoka hapa. Jengo jipya, vioo vitupu, na lifti inayokutangazia ghorofa uliyofika kana kwamba huwezi kuhesabu. Siku ya usaili waliwakusanya vijana kumi na wawili katika chumba kimoja, sisi wazazi tukaruhusiwa kusimama nyuma kwa sharti la kufunga midomo. Wa kuchorwa alikuwa mlinzi wa chuo, mzee mchangamfu aliyewaomba wamchore akiwa na nywele, maana zake zilistaafu kabla yake. Walicheka, wakaanza. Mwanao alifanya kazi kama baba alivyokuwa akifanya, kimya, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Mara mbili alihamisha kiti chake.

Walimu walipopita kukagua, walisimama kwake kuliko kwa mwingine yeyote. Nami nikasogea. Ilikuwa ni yule mzee hasa, hata mzaha wake ulikuwa umekaa kwenye kona ya mdomo. Lakini mboni zilikuwa zimejazwa mkaa mpaka ukingoni.

Njiani nilimgombeza. Nilimwambia ameleta mazoea ya karakana mbele za watu, kwamba mzee aliyetuchekesha saa nzima ana mwanga kuliko taa zao zote. Akanijibu bila kiburi kwamba aliitafuta ile nukta. Alidhani dirisha ndilo linalomzuia, ndiyo sababu alihama na kiti. Hakuiona, akasema, na hawezi kuchora asichokiona.

Siku ya sita mkuu wa chuo akanipigia simu. Alianza kwa kunipongeza, mtoto ameongoza usaili. Kisha sauti yake ikashuka, akaniomba kitu. Yule mlinzi alikuwa amefariki usingizini, na familia yake haina picha nyingine nzuri. Je, tungeruhusu ile ya mwanao ifuate jeneza? Wote waliiona, akasema, na wote wamekubaliana kwamba imetulia sana.

Niliweka simu mezani. Sisimizi alikuwa mlangoni anaosha brashi. Hakuuliza kama amepata nafasi. Aliuliza kama ni yule mzee, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Akasema picha waichukue, lakini yeye hatasoma pale.

Chuo cha pili ndicho nilichokitaka mimi. Kiko hapa hapa, ningeweza kumpelekea chakula kikiwa bado cha moto. Majengo ya zamani, miti mizuri, na msajili ni mama mnene mwenye huruma aliyetutembeza mwenyewe. Alitupitisha kwenye ukumbi mrefu wenye picha za wakuu wote wa chuo, tangu wa kwanza, zilizochorwa na wanafunzi miaka nenda miaka rudi. Macho yote yaling'aa kama vikombe vilivyotoka kuoshwa. Msajili akatueleza kwa fahari kwamba pale kila mwanafunzi anafundishwa kuweka mwanga wa jicho mahali pamoja, juu kidogo upande wa kulia, ndiyo alama ya chuo chao.

Nilipogeuka mtoto alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka, uso umekuwa wa kijivu. Nilimtoa nje, nikamkalisha kwenye ngazi na kumpa maji. Aliniambia kwamba mle ndani watu wanane wanatazama na ndani yao hamna mtu. Mmoja tu yumo, wa tatu kutoka mwisho, mwenye tai ya bluu. Msajili alikuwa ametufuata na leso mkononi. Alinivuta kando, akaninong'oneza kwamba ni kweli, wakuu wote wamekwisha kufa isipokuwa huyo wa tai ya bluu, anafuga kuku huko kwao. Nywele zilinisimama, mdogo wangu. Lakini mimi ni mtu wa kubisha hata nikishindwa, kwa hiyo jioni nilimwambia mtoto kwamba nukta ni rangi tu, tone la rangi nyeupe, wala haliui wala halifufui. Akaniuliza kama ni hivyo, kwa nini sisi hatujawahi kuiweka. Nilijifanya natafuta miwani.

Vikawa vimekwisha vyuo viwili. Nilianza kumsifia ufundi wa fremu, nikamwambia karakana itakuwa yake. Ndipo mwalimu wa viatu vya rangi akapita, akashangaa kwamba hatujataja chuo cha tatu, akatoa kijitabu kingine mkobani. Na mimi bado nimeikalia nakala ile aliyoniachia!

Kwenye jalada kuna picha ya lango la chuo, wanafunzi wanacheka na mabegi yao. Nyuma yao, mbali, kandokando ya ukuta mwekundu, kuna watu wanapita, wadogo kama punje za mchele. Mwanao aliitazama mara moja, akaenda kuchukua lenzi tunayotumia kukuzia vipicha vya vitambulisho. Aliinama juu ya kijitabu muda mrefu mpaka chai yake ikapoa. Nikachungulia juu ya bega lake, na chini ya lenzi nikamwona mwanamke amegeuza uso nusu, mkono mmoja umeshika ukuta.

Nilikutambua kwa mabega yako. Ungekuwa umevaa gunia ningekutambua.

Mtoto aliniambia, taratibu kama mtu anayesoma maandishi mabaya, kwamba mama huyu anatembea, tena anakwenda kazini, lakini machoni hana mwanga. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho, aliye hai na hana. Kisha akasema hakuzaliwa hivyo, kuna mtu amemwondolea. Akaweka lenzi chini, akanawa mikono, na alipokuwa anajifuta alisimama mbele ya picha iliyo ukutani juu ya meza yangu. Alisimama pale mpaka nikatafuta sababu ya kwenda sokoni.

Picha hiyo huijui. Sasa nimefika, mdogo wangu. Vumilia.

Alipokuwa na miaka mitano, mwaka wa pili tangu uondoke na yule mume aliyesema nyumba yake haina nafasi ya mtoto wa mtu mwingine, Sisimizi alikuwa akishinda chini ya meza yangu ya kazi. Kila mteja aliyeingia alimwuliza kama amekuona njiani. Wewe uliahidi kurudi baada ya mwaka mmoja, kisha ukaahidi mwingine. Siku moja alipanga foleni. Wateja wawili walikuwa mbele yake, naye akasimama nyuma yao mikono mgongoni, na zamu yake ilipofika akaniwekea mezani kipicha chako cha kitambulisho cha shule. Akasema na yeye ana mtu ambaye hayupo, anaomba achorewe.

Ningeweza kucheka. Ningeweza kumbeba nikamnunulia kitu kitamu. Nilichukua mkaa. Nilikuchora vizuri, sijawahi kuchora vizuri vile, mashavu yako na lile kovu la nyusi ulilolipata ulipoanguka kwenye ngazi. Nilipofika machoni mkono ukaenda kama ulivyozoea kwenda kila siku ya kazi. Ukajaza mboni ya kulia, ukajaza ya kushoto, mpaka ukingoni. Niliona nilipokwisha maliza. Mpaka leo sijui kama mkono ulisahau, au ulikuwa umekukasirikia kwa niaba yangu. Nikageuka kutafuta rangi nyeupe, na mtoto alikuwa amekwisha panda kigoda anatazama. Akasema, kumbe mama amekufa.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukamtosha. Hakulia sana. Alilala mchana ule usingizi mrefu, na kuanzia kesho yake hakumwuliza tena mteja yeyote. Nyumba ikatulia, nami nilikuwa nimechoka, nikaitia picha fremu na kuitundika. Nilijiambia nitamweleza akikua kidogo. Kila mwaka alikua kidogo. Na kila mwaka alikuwa wangu zaidi.

Barua yako iliyofuata ndimo ulimoeleza kwamba ukungu umekuingia machoni ghafla. Nilihesabu siku kwa vidole. Ilikuwa siku ile ile. Nikasema ni bahati mbaya. Ukaandika kwamba watu wanakupamia njiani kama hawakuoni, kwamba muuza duka anakuruka anamhudumia aliye nyuma yako, kwamba mume naye ameondoka bila hata kufunga mlango. Nikaendelea kusema ni bahati mbaya. Mara ngapi nimepanda kile kigoda na brashi ya rangi nyeupe mkononi, nikashuka? Nilijua akiiona nukta ataniuliza, na nikimjibu atakufuata. Nilichagua, mdogo wangu. Nilikuwa na wewe upande mmoja na yeye upande mwingine, nikachagua nisibaki peke yangu.

Mara mbili ulitaka kuja, na mara mbili nikakuandikia usije, eti ana mitihani, eti utamvuruga, eti bado ana hasira nawe. Hakuwa na hasira. Alikuwa na msiba. Na kila barua, miaka yote hiyo, nimemalizia kwa kusema mwanao anakusalimu sana. Hajawahi kukusalimu hata mara moja. Nani hutuma salamu kwa marehemu? Nilizitunga mimi, moja baada ya nyingine, na zile ulizomtumia wewe ziliishia mkononi mwangu.

Chuo cha mjini kwako kilitaka kazi kumi na mbili, pamoja na picha moja ya mtu wa familia aliye hai. Nilidhani atanichora mimi. Jumanne ya kwanza ya mwezi, yapata saa nne asubuhi, niliingia karakanani nikakuta ukuta juu ya meza yangu una mraba mweupe mahali palipokuwa na fremu. Picha yako ilikuwa mezani pake. Alikuwa ameshika kijiti cha kuchokolea meno chenye rangi nyeupe kwenye ncha. Nikamwambia kwamba wametaka mtu aliye hai. Akasema ndiyo. Kisha akainama akaipuliza rangi ikauke.

Niliitazama picha, nikashindwa kuendelea kuitazama, kama mtu aliyefumwa anachungulia dirisha la watu.

Tangu siku hiyo nasubiri aniulize. Hajauliza. Anapika, anaosha brashi zake, ananiita Mama Mkubwa kwa heshima ile ile. Angenitukana ningepumua. Juzi nilimwomba anichore kabla hajaondoka, iwe ukumbusho wangu. Akanitazama machoni muda mrefu, akasema tungoje likizo. Sijui nifurahi au nianze kushona sanda.

Wamempokea. Basi lake linaondoka Jumatano, na Alhamisi asubuhi, kabla ya kuripoti chuoni, amesema ana jambo la kufanya kwenye ule ukuta mwekundu. Hajaniomba anwani yako. Barua hii naituma leo kwa njia ya haraka ili ikutangulie, usije ukazimia barabarani ukamtia aibu mtoto. Utamjua. Vidole vyake vyeusi kwa mkaa, na hutazama watu machoni kuliko adabu inavyoruhusu. Akikutazama usikwepe.

Nisamehe, mdogo wangu. Kama huwezi, basi usinisamehe, lakini usimwambie mabaya yangu siku ya kwanza. Mpe siku mbili tatu ale, alale. Baada ya hapo mwambie yote, na mimi nitakuwa hapa nikingoja atakaloniandikia.

Mkata vioo anakusalimu, pamoja na mke huyu mpya ambaye bado hajajua alikoingia. Mwalimu wa sanaa anakusalimu ingawa hakujui. Msalimie sana mshonaji, mwambie nashukuru kwa macho yake ya miaka kumi na miwili. Salamu za mwanao safari hii siziandiki. Anakuletea mwenyewe.

Ni mimi,
dada yako.